Uzi maalumu: Wapiga picha wa Kigoma na Ujiji, tuzipige nyumba za mtaani kabla hazijawa fremu

#1 Mwisho_wa_Lami

Wakuu, mwakeye.

Ukitafuta picha za Kigoma mtandaoni unaletewa vitu vilevile: stesheni ya Mjerumani, meli ya Liemba, mnara wa Livingstone pale Ujiji, jua likizama ziwani, sokwe wa Gombe. Sina ugomvi navyo. Stesheni ni jengo la kujivunia, na reli imefika hapa tangu 1914. Meli nayo ilishushwa majini 1915 ikiitwa Graf von Götzen, mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha, ikaibuliwa 1924, na 1927 ikapewa jina la Liemba. Hayo yote yameandikwa, yamepigwa picha, na kesho yatapigwa tena.

Mimi naililia nyumba ambayo hakuna anayeitafuta. Ile ya Kitongoni, ya Kasingirima, ya Mwanga kule ndani ndani. Baraza mbele, mlango katikati, ukumbi unaonyooka hadi uani, vyumba vitatu huku na vitatu kule, nyuma jiko, choo na mwembe au mchikichi. Wengi humu tumekulia ndani yake, lakini mwambie mtu akuonyeshe picha ya nyumba ya bibi yake: atakuletea picha ya harusi, na nyumba inaonekana kipande tu nyuma ya bega la bwana harusi.

Na zinaondoka. Chumba cha mbele kinavunjwa ukuta, kinawekwa mlango mpana wa chuma, tayari fremu ya vocha na mchele. Baraza linakatwa kwa sababu mpangaji wa fremu hataki watu wakae mbele ya duka lake. Dirisha la mbao linatoka, inaingia aluminiamu. Sisemi watu waendelee kuishi kwenye udongo ili sisi tupate picha, mwenye nyumba ana haki ya kodi yake. Nasema kabla fundi hajaanza, mtu apite na simu.

Kisheria hazina mtetezi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda jengo lililojengwa kabla ya 1863, na inalinda hata mlango wa mbao wa nakshi uliochongwa kabla ya 1940. Nyumba aliyoijenga babu miaka ya hamsini kwa udongo na fito haimo, mpaka waziri aitangaze. Yaani kuna nyumba mtaani ambayo mlango wake unalindwa na sheria, ukuta unaoushika mlango haulindwi.

Pendekezo langu: moja moja, kwa mbele, simu ikiwa wima, na chini yake jina la mtaa na tarehe. Si picha za kushinda tuzo. Ziwe picha ambazo mtu wa 2060 ataweza kuhesabu madirisha.

#2 Dagaa_Mkavu

Nimekaa paleee kwenye baraza, nasubiri wajuvi wa kamera.

#3 Kijana_wa_Gungu

Mkuu, nakuuliza kwa heshima. Nyumba imepinda, bati limeoza, unaona uzuri gani? Mimi nimelala humo. Mvua ya Aprili ikinyesha tulikuwa tunahamisha vitanda kufuata pasipovuja. Aliyepata hela akajenga kwa tofali na kupaua msauzi, haya mapaa ya kisasa, ndiye wa kupigwa picha, maana ametoka. Hizi zenu ni zilezile picha za wageni: mtoto, udongo, baiskeli mbovu.

#4 Mwisho_wa_Lami

Kijana, hoja yako ina uzito na sitaikimbia.

Kwanza, msauzi nao upigwe. Nyumba ya kawaida haina maana ya nyumba ya zamani. Mimi ninayo picha ya nyumba ya tofali ambayo nondo zimeachwa juu zikisubiri ghorofa, nguo zimeanikwa kwenye hizo nondo, na ukuta mzima wa mbele umepakwa rangi ya kampuni ya simu mpaka huoni dirisha liko wapi. Hiyo ndiyo Kigoma ya leo. Fremu, gesti bubu, msikiti mdogo wa mtaa, kibanda cha wakala, vyote ni majengo na vyote vitabadilika.

Pili, hizo picha za wageni unazozisema zina alama yake: mpigaji hakuuliza jina la mtaa. Picha inaandikwa 'kijiji cha Afrika' basi. Ukiandika 'Kasingirima, Ujiji, nyumba inayotazama mashariki, Juni' umeshaitoa kwenye huruma na kuiweka kwenye kumbukumbu. Na hiyo habari ya kuhamisha vitanda iandike chini ya picha. Itafaa kuliko maneno mia tano ya kusifia rangi ya udongo.

#5 Fundi_Kenchi

Kupaua ndiyo kazi inayonilisha, naomba niseme mnavyovipita bila kuviona.

Nyumba ya udongo ya zamani iliezekwa pande nne. Si urembo. Paa la pande nne linakinga kuta zote nne, na lilikuwa linatoka nje kwa karibu urefu wa mkono ili maji yadondoke mbali na msingi. Mwenye nyumba akija kubadilisha bati na hela ni ndogo, anaambiwa pande mbili zinakula bati chache. Au paa linabaki pande nne lakini linakatwa fupi. Mvua mbili tatu, ukuta wa pembeni unaanza kuliwa kutoka chini. Halafu watu wanasema udongo haudumu. Kilichoshindwa hapo ni paa.

Kwa hiyo picha ya mbele peke yake haitoshi. Ongeza moja ya kona, uone paa limetoka kiasi gani na ukuta wa pembeni ukoje.

Ukisogea karibu, tazama chini. Kuna doa jekundu limepanda ukutani mpaka usawa wa goti, hayo ni matone ya mvua yanayoruka na udongo. Doa likiwa juu sana jua paa ni fupi au hakuna mfereji. Panda macho usawa wa kichwa cha mtu aliyekaa: kwenye baraza linalokaliwa kuna mstari wa madoa meusi yanayong'aa, mafuta ya nywele, vichwa vimeegemea hapo miaka na miaka. Ukiuona mstari huo, wazee wanakaa upande gani asubuhi huhitaji kuuliza. Juu zaidi, bati. Bati lililotoka kwenye nyumba nyingine lina matundu ya misumari ya zamani yaliyozibwa kwa lami, unayaona kama vidoa vilivyojipanga mahali ambapo hakuna mbao. Na juu ya mlango, nyumba zilizopigwa lipu, mara nyingi fundi aliandika mwaka kwa kidole saruji ikiwa mbichi. Huo mwaka upige kivyake, karibu.

#6 Dagaa_Mkavu

Fundi umeua. Nimetoka nje kuangalia ukuta wetu, madoa yapo na mojawapo ni langu.

#7 Pimamaji

Nasomea usanifu majengo Dar, kwetu ni Mwandiga. Fundi amesema kitu ambacho darasani kinachukua muhula.

Kuna mume na mke wa Ujerumani, Bernd na Hilla Becher, walianza 1959 kupiga majengo ambayo hakuna aliyeyaona ya maana: matangi ya maji, mitambo ya migodi, nyumba za wafanyakazi eneo la Siegen. Siku zote kwa mbele, umbali uleule, anga la mawingu ili kivuli kisidanganye umbo. Halafu picha zinapangwa pamoja kwenye safu. Tangi moja ni tangi. Matangi kumi na tano pamoja, unaanza kuona tofauti ambazo hata waliojenga hawakuzijua.

Ndiyo maana napinga picha moja moja za Instagramu. Nyumba za mtaa mmoja zikipangwa kwa zamu, za kushoto zote halafu za kulia zote, utaona baraza linavyopungua kadiri unavyoikaribia barabara ya lami. Na nashauri mawingu. Mwanga wa jua kali unameza nusu ya ukuta.

#8 Mwisho_wa_Lami

Kuhusu mawingu sikubaliani nusu. Mawingu yanatoa rangi ya udongo vizuri, kweli. Ila ufa, alama za vidole vya aliyekandika, tofali lililovimba, vyote hivyo vinaonekana jua likiupiga ukuta kwa ubavu. Mimi nataka zote mbili.

Hapa ndipo watu wengi wa kwetu wanapopotezwa na mafunzo ya mtandaoni, naomba niende taratibu. Nchi nzima inatumia saa ya longitudo ya nyuzi 45 mashariki. Sisi tuko karibu nyuzi 29 na nusu. Ndiyo sababu jua la Kigoma linafika katikati ya anga kwenye saa saba mchana, saa sita bado, na linazama karibu saa moja jioni. Februari linavuka hata saa moja na dakika ishirini. Tumepishana na Dar kama dakika 40. Mtu wa Dar akikwambia mwanga mtamu ni saa kumi na mbili kasoro, wewe ukitoka muda huo unakuta jua bado lina ukali wake, unapiga, unarudi nyumbani, na mwanga wenyewe unakuja ukiwa unakula.

La pili ni upande. Tuko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Tangu mwanzoni mwa Machi mpaka mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana linapita kaskazini yetu, miezi iliyobaki linapita kusini. Nyumba inayotazama kusini, Juni na Julai uso wake haupati jua hata kidogo. Utapata ukuta mweusi na anga jeupe, utalaumu simu. Nyumba hiyo isubiri Novemba, Desemba, Januari, na hata hapo usiende mchana, maana jua linakuwa karibu na utosi na kivuli cha paa kinameza baraza zima. Nenda saa tatu asubuhi au saa kumi na moja jioni.

Miezi hiyo ni ya mvua, na kwa kazi hii mvua ni rafiki. Julai hadi Septemba vumbi na moshi wa mashamba vinatanda mpaka milima ya Kongo haionekani ng'ambo. Mvua ikipiga usiku, asubuhi hewa imeoshwa na kila msumari unaonekana. Vaa ndala tu.

Simu: usiiinamishe wala kuiinua kutafuta paa, kuta zitaonekana zinaanguka kwa nyuma. Washa mistari ya gridi, ulinganishe mmoja na nguzo ya baraza. Ile lensi pana ya 0.5 iache, inavuta pembe. Vuka barabara, rudi nyuma, tumia ya kawaida au 2. Barabara ikiwa nyembamba, mwenye baraza la ng'ambo akikukaribisha panda kwake, ile hatua moja ya kimo inasaidia sana.

#9 Binti_Kasingirima

Mnaongea lensi na nyuzi, hamjaongea watu. Ngoja niwaambie mtaani kukoje.

Ukisimama mbele ya nyumba ya mtu Ujiji ukanyanyua simu, hakuna anayewaza sanaa. Wanawaza mambo matatu. Wewe ni dalali, umetumwa kuuza. Wewe ni wa ardhi au wa barabara, kesho inakuja X nyekundu ya kubomolewa. Au umetumwa na upande mmoja wa familia, maana nyumba nyingi za huku ni za mirathi ambayo haijagawanywa, warithi wako Dar, Bujumbura, Kalemie, kila mmoja anamwogopa mwenzake. Hilo la tatu ndilo zito kuliko yote. Niliwahi kufukuzwa na mama mmoja kwa ufagio, kumbe wiki ileile shemeji yake alikuwa amekuja na mpimaji kimyakimya.

Kwa hiyo mimi siku ya kwanza sipigi. Naenda kwa balozi wa nyumba kumi au mwenyekiti wa mtaa, najieleza, halafu napita barazani. Shikamoo mama, shikamoo bibi, mimi ni mtoto wa fulani wa mtaa wa pili. Bila 'mtoto wa fulani' Ujiji hufiki mbali. Naonyesha picha za nyumba nyingine kwenye simu. Mtu akiona nyumba anayoijua anaanza mwenyewe: 'Hii si ya marehemu fulani? Pale pembeni palikuwa na kisima.' Ukifika hapo ameshaingia kwenye kazi, na wewe andika hicho kisima.

Na nikisafisha picha narudi nayo mkononi. Si ya WhatsApp, ya karatasi. Bibi mmoja aliichukua akaifunga kwenye kanga pamoja na risiti za kodi ya jengo. Akasema siku wakija kugombana, hii itasema baraza lilikuwa langu.

Uso wa mtu usiuweke mtandaoni bila ridhaa yake. Tangu 2022 kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini hata ingekuwa haipo, ni adabu.

#10 Kijana_wa_Gungu

Hilo la picha kukaa na risiti za kodi ya jengo, sawa, hapo nimeelewa faida. La rangi ya udongo bado.

#11 Mpita_Njia

Msisahau vyombo vya dola. Kituo cha polisi, kambi, ikulu ndogo, uwanja wa ndege, bandari, usinyanyue simu. Stesheni omba kwa msimamizi, usitegemee kwamba kila mtu anapiga. Droni ndiyo kabisa, inataka kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kwa nyumba za mtaani droni ya nini, utapiga bati tupu.

#12 Pimamaji

Swali kwa Binti. Akina Becher hawakuweka watu kabisa kwenye picha. Mimi huwaomba wahusika wasogee kidogo ili nguzo zote zionekane. Wewe unafanyaje?

#13 Binti_Kasingirima

Kaka, baraza lisilo na mtu ni baraza la msiba uliokwisha. Ukimwambia mzee atoke kwenye baraza lake ili upige baraza, unapiga nini? Mimi napiga mbili. Ya kwanza wako walivyo, bao lao, kahawa yao, ndoo ya mawese ya kupima. Ya pili wakienda kuswali. Ijumaa saa saba mtaa unanyamaza wenyewe, humfukuzi mtu.

#14 Mwisho_wa_Lami

Saa saba jua liko utosini, Binti!

#15 Binti_Kasingirima

Basi alasiri. Msikiti haufungi.

#16 Dagaa_Mkavu

😂😂 Mleta uzi kakutana na mwenyeji.

#17 Pimamaji

Sawa, mbili. Mimi nimeshindwa hoja na bao.

Kuhusu kutunza: jamani msitumiane kwa WhatsApp kama picha za kawaida. Inapunguza ukubwa na inafuta tarehe na mahali. Tuma kama faili. Jina la faili lenyewe libebe habari: mtaa, upande nyumba inaotazama, mwaka na mwezi. Simu ikiibwa jina linabaki kwenye nakala. Mkitaka kuweka wazi kwa wote, Wikimedia Commons inapokea na inatunza, lakini kwa nyumba zenye mgogoro wa mirathi ondoeni alama ya mahali kwanza, mtaa unatosha. Namba ya nyumba baki nayo kwenye daftari.

#18 Mpita_Njia

Na nyumba za ufukweni Kibirizi msizisahau. Ziwa limepanda miaka hii, kuna mahali watu walikuwa wanaanika dagaa leo pana maji. Ukuta una mistari ya maji, kila mstari una mwaka wake, wenyeji wanakutajia.

#19 Fundi_Kenchi

Nimesoma yote. Nina jambo la haraka. Jumatatu nabomoa nyumba Buzebazeba, udongo, pande nne, nguzo za baraza ni magogo ya mkoma hazijaguswa tangu ijengwe. Inakuja fremu nne. Nimeongea na mwenye nyumba sasa hivi, amesema mje, ila hataki sura yake. Nani yuko Kigoma Jumapili?

#20 Mwisho_wa_Lami

Niko. Inatazama wapi?

#21 Fundi_Kenchi

Ziwani.

#22 Mwisho_wa_Lami

Magharibi, basi saa kumi na moja na nusu jioni hadi jua liguse milima. Ya kona tutaanza nayo mapema kidogo. Ndani kukoje, tunaruhusiwa?

#23 Fundi_Kenchi

Vyumba vimeshahamwa, ukumbi uko wazi mpaka uani. Umeme umekatwa.

#24 Pimamaji

Wakuu nawaomba, njooni na futi ya kupimia. Upana wa ukumbi, kimo cha baraza kutoka chini, paa limetoka nje kiasi gani, unene wa ukuta pale mlangoni. Mnichoree hata kwenye karatasi ya daftari, mimi nitaichora vizuri huku. Na ukumbi pigeni mkiwa mmesimama mlango wa mbele, mlango wa uani ukiwa wazi, simu iwe juu ya kiti isitikisike.

#25 Binti_Kasingirima

Nakuja na futi ya mama ya cherehani. Fundi, mwambie mwenye nyumba nitamsafishia nakala mbili, moja ya dada yake aliyeko Kalemie.

#26 Kijana_wa_Gungu

Hizo nguzo za mkoma zikitoka zinaenda wapi? Nazihitaji za banda.

#27 Fundi_Kenchi

Njoo Jumatatu asubuhi na mkokoteni, tuelewane bei.